Bonyeza Tano Kama Umeridhika

Mji mzima ulikuwa ukimsikia kila siku, na mji mzima ulikuwa ukimtukana. Ukipiga simu kampuni ya maji, kabla hujapata binadamu wa kuongea naye, ilikupokea sauti laini ya mwanamke: "Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri, utahudumiwa hivi punde." Halafu muziki. Halafu sauti tena. Watu walisubiri mpaka chai ikapoa mezani na sufuria ikaungua jikoni. Wakaitukana sauti ile, wakamtukana na aliyeizaa. Sasa aliyeizaa yupo, na humu hadithini anakuja, kwa hiyo tuchunge midomo.

Mwenye sauti naye alikuwa hai, mzima wa afya, wala hakuwa mbali. Aliketi ghorofa ya pili ya kampuni hiyohiyo, kwenye kiti kilichokatika mkono mmoja, akipokea simu za watu waliokwisha kuchoka kumsikiliza. Ofisini walimwita Dada Sauti. Siku aliporekodi, meneja alimwita stoo saa ya mapumziko, akampa karatasi, akamwambia asome polepole na kwa upendo, maana mtangazaji waliyemtafuta alikuwa ametaka kulipwa. Akasoma yote: simu yako ni muhimu, tafadhali subiri, na ile ya mwishoni, bonyeza moja kama hukuridhika, bonyeza tano kama umeridhika sana. Meneja akasema kampuni haitamsahau. Kisha akamrudisha kwenye simu kwa sababu mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Chumba chenyewe ungekiona ungedhani ni saluni iliyofilisika. Kila meza ilikuwa na simu, kompyuta na kioo. Vioo alivileta meneja baada ya kwenda semina. "Mteja haoni meno yako," alisema, "lakini anayasikia." Basi watu wazima wenye ndoa na watoto wakashinda wakijikenulia wenyewe kutwa, huku sikioni mtu anawaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Simu zao wenyewe zilifungiwa kabatini asubuhi, zikatolewa jioni. Ufunguo wa choo ulifungwa kwenye kipande cha mbao kikubwa, ukauombe kwa meneja, mji wote ujue unakwenda wapi. Na pembeni, karibu na mlango, palikuwa na lile pipa la maji ya kunywa lenye vikoki viwili, cha baridi na cha moto. Halikuwa na maji. Kampuni ya maji, jamani.

Meneja huyo, wafanyakazi walimwita Bwana Tano, kwa siri. Mwenyewe alijua, na nadhani alipenda. Jina lilitokana na kazi: makao makuu hayakuwa yakiuliza kama watu wana maji, yaliuliza wateja wamebonyeza ngapi. Mteja akibonyeza tano, ameridhika, na malalamiko yake yanafungwa palepale, fundi hana haja ya kwenda. Mteja akikata bila kubonyeza kitu, naye ameridhika. "Mwenye kero hanyamazi," alisema Bwana Tano. Lakini mteja akibonyeza moja, hapo ndipo kasheshe. Moja ilikwenda moja kwa moja makao makuu, nyekundu kama pilipili, wakatuma mafundi wao wenyewe, na meneja akaulizwa kulikoni. Bwana Tano hakupenda kuulizwa. Kwa hiyo aliweka sheria: atakayepata moja, mkataba wake ukiisha hapewi mwingine.

Watu wakajifunza. Mteja akianza kupandisha sauti, unasema "Haloo? Haloo? Sikusikii, mpendwa mteja," kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Laini inakatika. Mteja anapiga tena, anaanza upya na muziki. Msiwaseme sana, na wewe ungefanya vivyo hivyo kama nyumbani kuna midomo inakusubiri. Dada Sauti naye alikata. Si sana, ila alikata, na kila akikata alikwepa kujitazama kwenye kioo, ambacho kilikuwa mbele yake. Ndivyo idara ile ilivyoshika nafasi ya kwanza kuliko matawi yote, ikaletewa kikombe cha kioo chenye maandishi ya dhahabu, kikawekwa juu ya kabati la simu. Mitaa ilikuwa mikavu, kikombe kinang'aa.

Sasa mama.

Mama yake Dada Sauti alikuwa fundi cherehani tangu ujana mpaka macho yalipochoka. Alikaa peke yake upande wa juu wa mji, nyumba ya mwisho kwenye ngazi za mawe, nyumba aliyoijenga kwa mashati ya watu. Alipoona simu ya mwanawe haipatikani kutwa nzima, hakulalamika; alipiga kampuni. Kila siku baada ya chai. Wakati watu wengine wanaisubiri ile rekodi huku wanasaga meno, yeye alikaa kwenye kiti chake, kaweka spika, anasikiliza. Akipokea mtu mwingine, anasalimia: "Hujambo mwanangu? Wewe ni yupi? Yule mwenye mafua?" Idara nzima ilimpenda. Hakugomba, hakutukana, na mwisho wa maongezi hakukosa kubonyeza tano. Watu waligombania simu yake.

Ulipita muda hivyo, salamu tu na umekula nini. Kisha barabara ya kule juu ikachimbwa, bomba likatengenezwa, shimo likafukiwa, mafundi wakaondoka, na maji ya mama yakaondoka nao. Nyumba za chini yalitoka, kwake kimya. Akawa anashuka ngazi na ndoo, anachota kwa jirani, anapanda nayo. Ungesema ni mazoezi, lakini nyonga ya mama ilikwisha kuvunjika mara moja. Hospitali waliiunga kwa chuma, wakamwambia kwa adabu zote: mama, ukianguka tena, hatuna cha kuunga. Dada Sauti alikuwepo waliposema hivyo. Tangu maji yakatike, kila akifumba macho aliona ngazi zile na ile ndoo.

Alimwambia mama ahamie kwake, kwenye chumba chake kimoja. Mama akasema, "Nihame nyumba yangu kwa sababu ya koki?" Akamtafutia mtu wa kumchotea. Mama akamfukuza siku ya pili kwa sababu alikuwa anaingia jikoni na viatu. Ikabaki njia ya halali. Mfanyakazi haruhusiwi kufungua malalamiko ya ndugu yake, kwa hiyo alimwomba jirani yake wa meza. Huyu walimwita Mchungaji, kwa vile wateja alikuwa akiwahimiza wavumilie kama yuko madhabahuni. Mchungaji akafungua. Mama kila akipiga aliulizwa, akasema bado, malalamiko yakafunguliwa upya, akaambiwa yanashughulikiwa. Na Dada Sauti mwenyewe, simu ikimwangukia, alimwambia mama yake mzazi: "Tatizo lako linashughulikiwa." Alikuwa anaamini. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijinyoa, tena kwa wembe butu.

Jioni moja alimkuta fundi bomba getini anafunga mfuko wake wa spana kwenye baiskeli. Akamshika mkono.

"Fundi, nyumba ya mwisho ya ngazi za mawe, kule juu. Mnaenda lini?"

Fundi akatoa simu ya kazi, akaangalia. Akakunja uso, akaangalia tena.

"Hii imefungwa, dada."

"Imefungwaje? Jana tu imefunguliwa."

"Imefunguliwa, ikafungwa. Juzi imefunguliwa, ikafungwa. Huku chini ya orodha kote ni hivyo. Mteja ameridhika sana."

"Ameridhika na nini?"

"Mimi nitajuaje? Kabonyeza tano mwenyewe." Fundi alirudisha simu mfukoni. "Nimefanya kazi hii mpaka mvi, sijapata kuona mtu anaridhika hivi bila maji."

Dada Sauti alicheka. Kisha akaacha. Alisimama pale getini mpaka mlinzi akamuuliza kama amesahau kitu.

Jumapili alipanda ngazi na ndoo mkononi, akashuka, akapanda, akajaza mapipa, masufuria, mpaka na beseni la kufulia. Alipomaliza alikaa mbele ya mama yake, ambaye alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha.

"Mama, ukimaliza kuongea na ofisi, unabonyeza nini?"

"Tano."

"Kwa nini tano?"

"Si unaniuliza mwenyewe? 'Umeridhika?' Nikwambie mwanangu sijaridhika nawe? Nina wazimu?"

"Si mimi, mama. Ile ni rekodi."

"Rekodi ya nani?"

"Yangu."

"Ehee," alisema mama, kama mtu aliyeshinda kesi.

Ikabidi amweleze yote, tano inafanya nini, kimya kinafanya nini, moja inafanya nini. Mama aliweka sindano chini. Alikuwa mtu wa vipimo, alipenda kuhakikisha kabla hajakata kitambaa.

"Kwa hiyo nikikusifu, maji hayaji."

"Ndiyo."

"Nikikushtaki, yanakuja."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe je?"

Dada Sauti alikuwa hajapata kumdanganya mama yake tangu siku ile ya sukari, utotoni, na siku ile alikamatwa. Akatazama beseni.

"Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Mwenye moja hapewi mwingine."

"Basi maji nitachota," mama akasema, akarudi kwenye sindano yake. "Nimekulea kwa cherehani mpaka mgongo ukapinda. Sikukulea nije nikushtaki kwa simu. Nikorogee chai."

Alibembeleza, akalia kidogo, akakasirika, akalia tena. Mama hakubanduka. Alifikiria achukue ruhusa siku ya kazi, aje hapa, apige kwa simu ya mama na abonyeze moja mwenyewe. Lakini ile moja ingemwangukia nani? Ingemwangukia yeyote atakayepokea, na anayepokea sana ni Mchungaji, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha na alikuwa anasinzia mbele ya kioo meno yakiwa nje. Haikuwezekana. Kama kuna shingo ya kukatwa, alijua ni ipi. Ila mwenye kisu alikuwa hataki kukishika.

Alijaribu na mlango wa mbele pia, nisije nikamsingizia. Alimfuata Bwana Tano ofisini kwake, akamwambia, bosi, mama yangu hana maji na nyonga yake ni chuma. Bwana Tano akasikitika sana. Akasema pole. Akasema mama afungue malalamiko.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba mgeni anakuja kutoka makao makuu, mama mmoja mkubwa wa cheo, kujifunza siri ya idara inayowashinda wengine wote. Bwana Tano hakulala. Kikombe kilipigwa sabuni. Kiti cha Dada Sauti kilifungwa mkono wake kwa gundi, akaonywa asiuegemee. Lile pipa la maji ya kunywa likajazwa, na wafanyakazi wakakatazwa kunywa ili mgeni alikute limejaa. Kisha akamjia Dada Sauti mezani, akainama, akanong'ona kama anampa zawadi.

"Mama yako bado anapiga baada ya chai?"

"Anapiga, bosi."

"Vizuri. Siku hiyo ataingia kwako. Utaweka kwenye spika, mgeni asikie jinsi mnavyoongea. Mama anafurahi, anabonyeza tano, ikitokea pale kwenye skrini ya ukutani wote mnapiga makofi. Kisha tunampeleka mgeni kwenye vitafunio."

"Sawa, bosi," alisema Dada Sauti. Kwenye kioo alijiona anatabasamu, na ndilo tabasamu lililompa kazi.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mwanamke mnene, mpole, viatu vinambana, aliyetaka kukaa kuliko kujifunza. Akaletewa kiti karibu na meza ya Dada Sauti. Bwana Tano akasimama nyuma, mikono imefumbatwa tumboni. Mchungaji alikuwa macho, kwa mara ya kwanza wiki ile. Simu ikalia, namba ikatokea, Dada Sauti akaweka spika.

"Asante kwa kupiga simu kampuni ya maji. Nikusaidie nini, mpendwa mteja?"

"Mpendwa mteja ni mimi mama yako. Umekula?"

Mgeni akacheka. Bwana Tano akacheka baada ya mgeni.

"Nimekula, mama. Na wewe?"

"Nimekunywa chai tu. Yule kijana mwenye mapacha hajambo?"

"Hajambo. Maji je, mama? Yametoka?"

"Bado, lakini usijali," sauti ya mama ilijaa chumba kizima. "Leo nimeteleza kidogo pale kwenye ngazi. Si kuanguka. Nimekaa tu, kama mtu aliyeamua kukaa. Ndoo ndiyo imepasuka, mwanangu, ile ya bluu."

Dada Sauti aliyaona meno yake kwenye kioo. Yalikuwa bado nje. Alifunga mdomo, na alipoufungua tena ile sauti ya ofisini haikuwepo. Ilitoka sauti nene kidogo, ya kukwaruza, ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia kwa miaka yote waliyokaa naye.

"Mama, umeumia?"

"Nyonga inauma-uma. Nitaikanda."

"Unaweza kusimama?"

"Nimesimama kuja kwenye simu," akasema.

Bwana Tano, nyuma ya mgeni, aliinua kidole akabonyeza hewa. Kila mtu chumbani alijua maana yake: haloo, haloo, sikusikii. Dada Sauti alikiona kile kidole kwenye kioo. Akaweka kiganja chake chote juu ya kitufe cha kukatia, akakifunika, asikiguse yeye wala mtu mwingine.

"Mama, nisikilize. Nikimaliza kuongea, bonyeza moja."

"Tulishamaliza hayo."

"Hatujamaliza. Bonyeza moja."

"Watakufukuza?"

"Watanifukuza."

"Basi sibonyezi."

"Mama!" Sasa alikuwa analia, na hakujificha, na kiti kile cha gundi kilikatika mkono tena. "Kila ukinipa tano, wanafunga maji yako. Mimi ndiye ninayekupandisha ngazi zile. Mimi! Kazi nitapata nyingine au nisipate, lakini wewe ukianguka, nyonga nyingine nitaitoa wapi? Naogopa, mama. Silali. Kama unanipenda, nishtaki."

Kwenye spika ikasikika cherehani ya jirani ikipiga, na mtoto wa mtu analia mbali. Mgeni alikuwa ameacha kuhangaika na viatu vyake.

"Lakini ujue," mama alisema mwishowe, "si wewe. Ni wao."

"Najua."

"Wewe sina neno nawe."

"Najua, mama."

Akaachia simu iende kwenye rekodi. Ile sauti laini ikatoka kwenye spika, tamu, haina habari: "Tunakushukuru kwa kutumia huduma zetu. Bonyeza moja kama hukuridhika. Bonyeza tano kama umeridhika sana."

Mama alisikika anahema. Kisha akaiambia ile rekodi, taratibu, "Nisamehe, mwanangu," na kitufe kikalia.

Skrini ya ukutani ikaandika moja, nyekundu. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa wapige makofi kitufe kikilia, na mmoja kule nyuma, ambaye hakuwa ameangalia skrini, akapiga. Alipiga peke yake kwa muda, kisha akaacha.

"Hiyo nyekundu ni nini?" mgeni akauliza.

"Ni hitilafu ya mfumo," akasema Bwana Tano.

"Mbona mfumo unaonekana mzima?" mgeni akasema. Akainuka, akatazama lile pipa la maji, akaomba glasi. Akanywa. Kisha akaenda kwenye vitafunio kwa sababu vilikuwa vimeshaandaliwa.

Jioni Bwana Tano alimwita Dada Sauti. Hakufoka. Hata kufoka kunataka nguvu, na yeye zilikuwa zimemwishia. Alikuwa ameshapigiwa simu na makao makuu.

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia tu, ningemtuma fundi."

"Nilikwambia, bosi."

"Nikasemaje?"

"Ulisema pole. Ukasema mama afungue malalamiko."

Bwana Tano aliugeuza ule ufunguo wa choo mezani, mbao juu, mbao chini. "Ndiyo utaratibu," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika tena.

Asubuhi yake gari la makao makuu lilipanda mpaka mwisho wa barabara. Mafundi wakafukua palepale palipofukiwa, wakakuta koki ya laini ya mama imefungwa. Haijaharibika, haijaziba, imefungwa tu. Aliyeifunga wakati wa matengenezo alikwenda kula akasahau. Wakaizungusha kwa mkono. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu. Mama aliwaandalia chai, akawaambia wavue viatu.

Nyonga ilipigwa picha, haikuvunjika. Ilivimba, mama akaamriwa kulala, akalala huku ananung'unika. Na mkataba ulipoisha, uliisha. Siku ya kuondoka Dada Sauti alichukua kikombe chake cha chai na kanga ya kufunika magoti, kioo akakiacha. Wenzake walimuaga bila kusimama kwa sababu simu zilikuwa zinalia. Mchungaji ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Mvumilivu hula mbivu, dada," alisema, kwa mazoea.

"Zimeoza, Mchungaji. Rudi, mteja wako anasubiri."

Nisiwadanganye kwamba alicheka njia nzima. Alilia kwenye ngazi, akalia kituoni, na usiku ule alihesabu jina la kila mtu anayeweza kumpa kazi, akakuta ni wachache. Alikuwa na hofu ya kweli. Lakini alilala, na hakuota ndoo.

Akawa anashinda kwa mama, anapinda suruali za watu kwenye cherehani ya zamani huku anatafuta kazi. Mchana mmoja alikuwa anaosha vyombo jikoni, maji yanamwagika kwa fujo kama hayana mwenyewe, akamwona mama kakaa kwenye kiti chake, mto chini ya nyonga, anabonyeza simu.

"Unampigia nani, mama?"

"Kampuni."

"Kampuni gani? Mimi si nipo hapa?"

"Maji yamekuja, hawajaambiwa asante. Mtu hashtaki akanyamaza." Mama akaweka spika, akaiegemeza simu kwenye bilauri. Muziki ukaanza.

"Watakuweka hapo mpaka jioni. Wanajua kwamba maji yametoka. Kata, mama, mimi nawajua hawa watu. Hakuna hata mmoja atakaye..."

Muziki ukakoma. "Simu yako ni muhimu kwetu," ikasema simu.

Mama akainua mkono, bila kugeuka.

"Sss! Nyamaza, unaongea."

Dada Sauti akafunga koki, mama asikie vizuri.